Kiberiti Alivyouficha Mguu Wake

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiberiti alisimama kwenye kizingiti cha mlango, akajinyanyua kwa vidole vya miguu na kujishusha polepole. Ndani, mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameshaanza kukanyaga pedali. Zoezi hilo alipewa na mtaalamu wa viungo wa hospitalini, baada ya mfupa wa muundi wa mguu wake wa kulia kupata ufa kwa kukimbia kupita kiasi.

Jina la Kiberiti alibandikwa na wenzake shuleni. Alikuwa mdogo, mwembamba, na ukimgusa kidogo tu anawaka. Mwaka uliopita ndiye aliyeongoza mbio za barabara ya milimani upande wa wasichana, mpaka mguu ulipogoma katikati ya safari. Tangu hapo alikaa miezi mingi akiwatazama wenzake wakifanya mazoezi, yeye kazi yake ikiwa kuwalindia viatu. Hakuna kazi aliyoichukia kama hiyo.

Sasa mbio zilikuwa zimekaribia tena.

"Wiki ijayo nakupima," mtaalamu wa viungo alimwambia. "Utarukaruka kwa mguu huo mmoja mbele yangu. Nikiona umekunja uso, au ukiniambia unauma, hukimbii. Sawa?"

"Sawa, dada."

Na mguu ulikuwa unauma. Katikati ya muundi palikuwa na mahali padogo, pa ukubwa wa kifungo cha shati, ambapo pakiguswa alihisi anachomwa sindano. Hakumwambia mtu. Badala yake alibuni mazoezi mengine ambayo hakufundishwa na yeyote. Mama yake akitoka kupeleka nguo, alisimama mbele ya kioo kirefu cha wateja, akapabonyeza pale penye maumivu kwa kidole gumba huku akijitazama. Mwanzoni uso ulikunjamana. Akabonyeza tena na tena, siku baada ya siku, hadi uso ukatulia kama wa mtu anayesubiri chenji dukani. Bidii alikuwa nayo, hilo hatuwezi kumnyima. Ubaya ni mahali alipoipeleka.

Siku ya kupimwa aliruka, na jasho jembamba likamtoka mgongoni.

"Unauma?"

"Hapana, dada."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mtaalamu, mwanamke kijana ambaye hakuwa na muda mrefu kazini, alitabasamu, akampa ruhusa. Nyumbani mama alifurahi mpaka akaacha nguo za wateja, akamshonea kaptura mpya ya kukimbilia.

Ambaye hakudanganyika alikuwa mmoja tu: rafiki yake, msichana mrefu wa darasa lao aliyeitwa Twiga.

"Wewe unachechemea," Twiga alimwambia jioni moja baada ya mazoezi.

"Nachechemea wapi? Kapime macho."

"Kiberiti, usinifanye mtoto. Ukidhani hakuna anayekuona, mguu huo huukanyagii. Mimi namwambia mwalimu."

"Mwambie! Lakini ukisema tu, mimi na wewe basi. Hata salamu usinipe."

Twiga akanywea. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, na hakuwa na rafiki mwingine wa karibu. Akafunga mdomo.

Siku ya mbio ikafika. Kila mkimbiaji aliuogopa mlima, na mwalimu wa michezo alikuwa amewaambia kwamba mlima ndio utakaowachuja. Kiberiti naye aliuogopa. Kumbe katika kupanda mguu ulitulia, maana alikanyaga kwa vidole, kwa hatua fupi, bila kishindo. Alimpita mmoja, akampita mwingine, na walipofika kileleni hakukuwa na msichana mbele yake. Moyo ulimjaa furaha, akaanza kujiona ameshapokea kombe.

Lakini barabara iliyopanda ilikuwa lazima iteremke. Kwenye mteremko kila hatua ilitua kwa uzito wa mwili mzima, na uzito wote uliishia kwenye muundi. Pale padogo pakaamka. Kandokando ya barabara palikuwa na gari la huduma ya kwanza, na mhudumu alisimama mlangoni akiwatazama wakimbiaji. Kiberiti angeweza kuinua mkono tu. Aliliona gari, akageuza uso. Akajikaza kisabuni, akaongeza mwendo.

Kwenye kona ya chini alisikia mlio wa kitu kikavu kinachovunjika. Alipofumbua macho alikuwa kifudifudi juu ya lami, na mguu ulikuwa umelala upande usiostahili. Wakimbiaji walimpita. Twiga peke yake ndiye aliyesimama. Aliziacha mbio, akakaa pale barabarani, akakiweka kichwa cha mwenzake mapajani huku akipiga kelele za kuomba msaada.

"Ningesema mimi," alilia. "Ningesema!"

Mfupa ulikuwa umevunjika kabisa. Kiberiti alipasuliwa, akawekewa chuma mguuni. Siku iliyofuata, akiwa kitandani karibu na mlango wa wodi, alisikia sauti ya mama yake nje kwenye korido.

"Si wewe uliyemruhusu mwanangu? Nilikuamini! Ulisomea nini wewe?"

"Nisamehe, mama," mtaalamu wa viungo alijibu kwa sauti ndogo. "Nilimpima. Labda sikumpima vizuri."

"Labda? Mtoto ametiwa chuma, unaniambia labda? Naenda kwa mganga mkuu sasa hivi. Umwage unga, wenzako wapate funzo!"

Kiberiti alitega sikio pale kitandani. Akinyamaza, ataendelea kuwa mtoto mwenye bahati mbaya ambaye kila mtu anamhurumia. Habari za kioo hazikujulikana na mtu. Akisema, huruma yote itaisha, na mama yake atamtazamaje? Alisikia viatu vya mama vikianza kuondoka kwa hasira.

"Mama!" aliita. "Mama, usiende! Hana kosa!"

Wote wawili waliingia. Kiberiti alijiinua kwa viwiko.

"Nilimdanganya. Na wewe pia nilikudanganya. Mguu ulikuwa unauma siku zote. Nilijizoeza kwenye kioo chako nisikunje uso. Twiga alijua, alitaka kusema, nikamtisha."

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akamgeukia mtaalamu.

"Nimekutukana bure, mwanangu. Niwie radhi."

"Yamekwisha, mama."

Mtaalamu alivuta kigoda, akakaa mbele ya Kiberiti.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mashine zinanionyesha mfupa, lakini maumivu hazinionyeshi. Hayo unayajua wewe peke yako. Ungeniambia unauma, ningekupumzisha kidogo, na mwakani ungekimbia. Uliponificha ulinifumba macho, nami nikakufungulia njia ya kuumia. Rafiki yako naye umembebesha mzigo usio wake. Mwili ukiuma, sema. Anayesema hajashindwa, anaomba kutibiwa."

"Nitakimbia tena?"

Mtaalamu alimtazama mama, kisha akamtazama mtoto.

"Kutembea utatembea vizuri, ukifuata masharti. Kukimbia, sijui. Ningeweza kukuambia utakimbia ili ufurahi, lakini nitakuwa nakudanganya, na wewe umeshaona uongo unavyoponza."

Kiberiti akageukia ukutani, akalia kwa kwikwi. Mama yake akasogea, akamwekea mkono mgongoni, wala hakumwambia anyamaze.