Siku Azza Alipoijua Slamu

Kila alasiri, hapa kwetu Ibra, mjukuu wangu Azza akirudi skuli hula, husali, humaliza kazi zake, kisha hupanda juu ya sinia langu la wali. Ndiyo, hupanda, tena kwa miguu miwili. Hulilaza sinia juu ya zulia, akaegemeza simu kwenye birika la kahawa, akatazama watu wanaoteremka milima ya theluji kwa ubao. Ana miaka kumi na miwili, na theluji hajaigusa ila ile ya kwenye friza.

Maneno yao yote aliyajua. Siku moja nimesimama nakunja nguo, akanisukuma mgongoni. Mguu wangu wa kulia ukatangulia kunizuia nisianguke.

"Bibi, kumbe wewe gufi," akasema.

"Gufi mwenyewe, mtoto huna adabu."

Akanieleza huku akicheka. Anayetanguliza mguu wa kulia ubaoni huitwa gufi; anayetanguliza wa kushoto ni regula. Ukiruka pamoja na ubao wako bila kusaidiwa na tuta, hiyo ni oli. Na ukibwatika chini kama gunia, basi umekula slamu.

"Na wewe umekula slamu ngapi?"

"Mimi sianguki, Bibi."

Ataanguka vipi mtu anayeteremka zuliani?

Laiti angeishia hapo. Kumbe alikuwa akimpelekea binamu yake Wasan, wa Nizwa, ujumbe wa sauti: ati kila Ijumaa huteremka kwa ubao milima ya mchanga ya jangwani Bidiyah, ati oli kwake ni kitu kidogo. Wasan ni mtoto mpole, na humwamini Azza kuliko mwalimu wake. Akamwomba baba yake ubao, akaja nao kwetu likizo ya baridi.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja Azza anifundishe."

"Marahaba, mwanangu." Nikamtazama Azza. Azza akatazama zulia.

Ijumaa, mwanangu Nasr, baba yake Azza, akatupandisha kwa gari mpaka juu ya mlima wa mchanga. Nasr akiwa bado anaegesha gari, nikatandika mkeka, nikamimina kahawa. Wasan akafunga miguu kwenye mikanda ya ubao, akasimama ukingoni. Upande ule mchanga umeshuka wima, na chini kuna miti ya miiba na magari ya watu.

"Azza, nikishaanza kushuka, nikitaka kusimama nafanyaje?"

Katika maneno yote yale aliyoyajua Azza, la kusimama hakuwa nalo.

"Utasimama tu mwenyewe," akasema.

Wasan akaitikia kwa kichwa, akainama tayari kushuka. Hakuuliza tena, maana aliyemwambia ni Azza. Mimi nilikuwa nimekwisha inuka mkekani, roho juu, Azza alipomdaka mkono.

"Usishuke, Wasan. Mimi sijui. Sijapata kuteremka hata mara moja."

"Na zile sauti zote?"

"Uongo. Nilitaka unione hodari."

Wasan akakaa, akafungua mikanda, machozi yakimlenga. Niliwaonea huruma wote wawili. Wasan alipougeuza ubao, tukaona mchanga umegandamana chini yake kama samaki aliyegaragazwa kwenye unga.

"Mmeupaka nini huu?" Nasr akauliza.

"Mimi ndiye niliyeupaka. Mafuta ya nazi ya Bibi," Azza akasema. "Kwenye simu hupaka kitu ubao uteleze. Nikadhani..."

"Ubao ungekwama katikati, ukamtupa mwenzako kichwa mbele," Nasr akasema.

Mafuta yangu ya nywele, niliyoletewa kutoka Unguja. Wallahi nilitaka kukasirika, kicheko kikanishinda.

Nasr akaufuta ubao, akausugua kwa kipande cha mshumaa, maana kinachotakiwa ni nta. Akawapeleka kwenye mteremko mdogo, akawaonyesha kuugeuza ubao ubavu na kuegemea visigino mpaka usimame. Yeye ameicheza michanga ile tangu ujana, na Azza hakuwahi kumwuliza, kwani anayeuliza amekiri kwamba hajui.

"Tangulia wewe," Wasan akamwambia Azza. Bado alikuwa amenuna.

Azza akatangulia. Hakufika mbali, akabwatika, mdomo ukajaa mchanga.

Wasan akamwuliza kutoka juu, "Hiyo inaitwaje?"

Azza akatema mchanga. "Slamu."

Wasan akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamteremkia Azza, nikamfuta uso kwa ncha ya kanga yangu. "Neno hilo umelisema siku zote, mjukuu wangu, leo ndiyo umelijua. Njia ya mwongo ni fupi, na leo ingeishia kwenye shingo ya mwenzako. Usione haya kusema sijui. Hapo ndipo mtu anapoanza kufundishwa. Na ulipomshika mkono ukasema kweli mbele yetu sote, hapo ndipo mimi nilipokuona hodari."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini sinia langu utalisugua wewe."

Azza akaanza kupanda tena na ubao wa mwenzake begani. Wasan akateremka kidogo, akampa mkono, akamvuta juu.