Jiwe Lenye Tundu

Shamila alikuwa na hakika kwamba tundu la jiwe lile jeusi alilielekeza ukutani. Jana yake alitia mkono ndani ya tangi la kioo mpaka kwapani, akaligeuza mwenyewe, kwa kuwa tundu lilikuwa linamchukiza, limeachama kama mdomo wa mtu anayetafuta pumzi. Asubuhi alipofungua mapazia, lilikuwa linatazama sebuleni.

"Rehani, umegusa mawe yangu?"

Mumewe alikuwa anavaa viatu aende Kizota, kwenye karakana yake ya madirisha ya alumini. "Mke wangu, mimi nimekuundia tangi tu. Hayo mengine ya bahari ni yako."

Ni kweli. Rehani alikata vioo na kuviunganisha. Yaliyobaki yalikuwa ya Shamila. Tangu alipoona tangi la matumbawe katika hoteli moja ya Dar es Salaam, alitamani kipande cha bahari ndani ya nyumba yake, hapa Makole, Dodoma, kwenye vumbi na upepo. Majirani walimcheka. Yeye akajifunza kwenye simu, akachanganya chumvi ya bahari na maji yaliyochujwa, akapima na kupima tena. Akamwaga mchanga mweupe, akapanga matumbawe makavu hadi yakawa kilima chenye pango na njia za maji kupita. Samaki walikuwa bado. Maji lazima yakomae kwanza. Mawe yenyewe aliyanunua kwa bwana mmoja wa Tanga, yakaja kwa basi ndani ya boksi.

Siku hiyo hiyo akampigia. "Kaka, hili jiwe jeusi lenye tundu ulilitoa wapi?"

"Dada, mimi nilikuwekea mawe meupe matupu. Jeusi sikuweka."

Baada ya hapo ikaja harufu. Mwani uliooza. Ilianzia sebuleni, ikaingia kwenye mashuka, ikaingia mpaka kwenye unga wa chapati. Salma, binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza chekechea, akawa anaamka nywele zimelowa chapachapa ilhali mto wake mkavu. Hospitali walimpima, hawakuona kitu.

Kisha, mchana mmoja, Shamila akitoka jikoni alimkuta mwanawe amesimama juu ya kigoda, uso wote ameuzamisha ndani ya tangi. Anakunywa.

"Salma!"

Mtoto akainua uso taratibu, maji yakimtiririka kidevuni. "Mama wa kwenye tundu kasema ninywe mpaka nizoee."

Shamila akamnyakua. Alimpa maji ya kunywa, mtoto akayatema yote huku akilia kwamba yanamuunguza.

Jioni, giza likiingia, Rehani alirudi na Mzee Abdulwahab, tabibu wa mtaa wa pili aliyejulikana kwa kupunga majini. Mzee alifukiza ubani, akasoma, akamshika Salma kichwani. Maji ya tangi yakaanza kutetemeka. Ndipo Salma akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima.

"Mmenijengea nyumba. Mmeniwekea pango. Sasa nipeni mtoto wa kulea."

Rehani alishika ukuta. Mzee Abdulwahab alirudi nyuma, jasho linamtoka, akasema kwa kunong'ona, "Jini hili si la kushindana nalo. Chinjeni mbuzi mweusi mlipe damu, halafu mhame. Mliachie nyumba."

"Mzee wangu, kwa heshima zako zote," Shamila akasema, wala hakunong'ona. "Nikilipa mbuzi leo, kesho litataka nini? Pango nimejenga mimi kwa mikono yangu, na sikumjengea yeye. Hakai hapa."

"Litakuua, binti yangu."

"Basi liniue nimesimama."

Umeme ukakatika. Pampu ya tangi ikanyamaza, lakini maji hayakunyamaza. Yaliendelea kububujika gizani pale kwenye pembe ya sebule, taratibu, kama mtu anayecheka mdomo umefumbwa. Shamila alikumbuka jambo moja alilojifunza: wafugaji wa samaki wa bahari, wakishuku jiwe lina mdudu aliyejificha, hulitumbukiza kwenye maji yasiyo na chumvi, na kilichomo hutoka chenyewe kikikimbia. Maji ya kisima ya Dodoma yana chumvichumvi. Lakini uani kulikuwa na pipa la maji ya mvua.

Akatia mkono tangini, na baridi ikamkamata hadi begani, na tundu likambana kiganja likaanza kuvuta, na masikioni akasikia sauti ya mama yake marehemu ikimsihi aache, kisha sauti ya Salma ikimwita kutoka mahali pa mbali penye kina kirefu, naye akazidi kuvuta huku miguu inateleza sakafuni na kilima chote cha matumbawe kinaporomoka, akavuta mpaka jiwe likang'oka zito kama maiti, akalikumbatia kifuani, akapita mlango wa jikoni akipiga mayowe ya hasira wala si ya woga, akalisukumiza ndani ya pipa, akalilalia kwa uzito wake wote.

"Haya ni maji ya Ugogo!" alifoka. "Hayajawahi kuonana na bahari! Na wewe kunywa mpaka uzoee!"

Ukelele haukutoka kwenye pipa. Ulitoka ndani, kinywani mwa Salma, mrefu, ukapanda juu mpaka mbwa wa Makole nzima wakabweka. Halafu ukakatika, na nyuma yake kikaja kilio cha mtoto mdogo anayemtaka mama yake.

Rehani alimkuta mkewe bado amelalia pipa, mkono umevimba na alama za meno kuzunguka kiganja. Jiwe lilikuwa limekuwa jeupe na jepesi, likamong'onyoka vidoleni kama chokaa.

Mzee Abdulwahab aliwasihi wavunje na tangi pia. Shamila alimshukuru, akampikia chai, akakataa. Salma alipopata nguvu, mama mtu alichanganya chumvi upya, akakijenga kile kilima upya huku mkono mmoja umefungwa bendeji, mwanawe akimchagulia mawe. Maji yalipokomaa, wakaja samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Majirani huja kuwatazama, ila huishia mlangoni.

Zipo siku samaki wale huacha kuogelea. Hujikusanya wote pembe moja, wamegeukia korido ya kwenda chumbani kwa Salma, wametulia tuli. Shamila akiwaona hivyo, hamwiti mtu. Hubeba kiti na ungo wake wa mchele, akakaa katikati ya korido, akaanza kuchambua.

"Nipo," husema.

Na haondoki hapo mpaka samaki watawanyike.