Harufu ya Spiriti Mabegani

Lifti ilikwama kati ya orofa ya tatu na ya nne, wakati jengo zima limefurika wateja, makarani na watu waliokuja kukwepa jua tu. Ndani yake alikuwemo mwanamke fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, amekumbatia sanamu la kuvalishia nguo lisilo na kichwa. Mlango ulipotanuliwa kwa chuma, mwanamume mwenye ovaroli la bluu alichungulia kutoka juu, jasho likimtiririka.

"Nani atangulie? Wewe au huyo bwana?"

"Atangulie yeye. Mimi nina mdomo wa kujitetea."

"Haya, mlete. Na wewe nipe mkono, fundi."

"Nani kakwambia mimi ni fundi?"

"Pini zote hizo kifuani! Nitakuvutaje bila kujichoma?"

Alimvuta, akajichoma. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, naye mwanamke alikuwa na duka la kushonea orofa ya nne ya jengo lile lile, kwa hiyo wakaitana fundi wote wawili. Aliyewasikiliza kwenye simu alipata taabu.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula, fundi. Na wewe?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Muongo! Nenda kale, laazizi wangu, usije ukaniangukia huko kwenye nyaya."

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ndio uliowachosha.

Mwanamume alianza kusinzia kwenye kiti kabla mwenzake hajavua viatu. Vyuma alivyokuwa akivibeba kwa mkono mmoja sasa alivibeba kwa miwili, huku akipumzika njiani. Mzaha ukamkauka. Na yale mambo ya wapendanao, yale ambayo zamani yeye ndiye aliyekuwa na haraka nayo, akawa anayakimbia. Jumapili mwenzake akija kumtembelea, alimpa kisogo na kusema kichwa kinamuuma. Hakuwa hata na umri wa miaka arobaini.

Mwanamke aliliona hilo kwanza kwenye nguo. Kola iliyokuwa ikimbana fundi wake sasa ilimpwaya. Akachukua mashati yake ayapunguze, moja baada ya jingine, na kila alipopunguza alijisikia vibaya.

Mwanamume akajikaza, akaenda kwa daktari bila kumwambia mtu. Damu yake ikapimwa asubuhi, ikarudiwa kupimwa asubuhi nyingine. Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, akamweleza kwamba mwili wake unatengeneza homoni ya kiume kidogo mno, ndiyo maana nguvu, usingizi na hamu vimemkimbia. Akampa dawa ya jeli.

"Paka mabegani kila asubuhi ukishaoga. Iache ikauke, vaa shati, nawa mikono. Mkeo asiguse sehemu uliyopaka. Ukitaka kumkumbatia kifua wazi, oga kwanza. Ikimwingia kwenye ngozi inaweza kumwotesha hata ndevu."

"Sina mke."

"Basi mchumba. Mweleze."

Hakumweleza. Katika yote aliyoambiwa, alitoka na neno moja tu, asiguse, akaliongezea woga wake mwenyewe. Kuoga na kuvaa shati alikusahau. Toka siku hiyo alikaa mbali na mwenzake kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, mchana na usiku. Na moyoni alijiambia kwamba mwenzake akijua, ataondoka. Nani anataka nusu mwanamume?

Mambo yaliharibika pale chini, mbele ya lifti, watu wamepanga foleni. Mwanamke alitoka kazini amechoka, akamwona fundi wake, akamsogelea na kumlalia begani bila kuwaza. Mwanamume akaruka.

"Usiniguse!"

Foleni nzima iligeuka. Mwanamke alipanda ngazi kurudi dukani, akawasha cherehani, akaanza kulia huku akishona.

Jioni hiyo alimpigia dada yake mkubwa.

"Dada, mashati yake yananuka spiriti. Ile ya hospitali. Si mwilini, si mikononi. Mabegani tu."

"Bega gani?"

"Yote mawili."

Dada mtu akapiga hesabu zake.

"Nesi," akasema. "Anamlalia huku, akichoka anahamia huku. Mdogo wangu, huyo achana naye."

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Lakini mwanamke huyu alizoea kuijua siri ya mtu kwa nguo zake, na hakuwahi kukosea. Aliamini kabisa kwamba kuna nesi. Usiku, mawazoni, alimwona hadi sare yake. Kulipokucha akapiga simu.

"Njoo uchukue mashati yako."

"Umeshayamaliza, fundi?"

"Nimeyamaliza. Na sisi tumekwisha. Na usiniite fundi."

Mwanamume alifika alasiri. Lifti ilikuwa imeharibika, na aliyetakiwa kuitengeneza ni yeye mwenyewe, kwa hiyo alipanda ngazi. Aliingia dukani akihema, ovaroli limeloa. Mashati yalikuwa mezani, yamekunjwa.

"Anaitwa nani?" mwanamke aliuliza, macho kwenye sindano.

"Nani?"

"Nesi wako. Mwenye spiriti. Anayekulalia mabegani."

Mwanamume alimwangalia, akaangalia mashati, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Alitafuta uongo akakosa hata nguvu ya kuutunga. Akatoa kichupa mfukoni, akakiweka kando ya cherehani.

"Nesi wangu ndiye huyo."

Mwanamke alifungua kifuniko, akanusa. Harufu ilikuwa ile ile. Akasoma kijikaratasi cha nje polepole, kisha akakisoma tena. Mwanamume akasema yote, kuanzia damu mpaka ndevu, akiiangalia sakafu.

"Kwa hiyo ulinifukuza mbele za watu ili nisiote ndevu?"

"Ndiyo."

Alicheka. Halafu kicheko kikageuka, akampiga kwa shati lililokunjwa, akampiga tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Naanzaje, mama? Mwanamume anaanzaje maneno hayo?"

"Anaanza hivi: fundi, naumwa. Basi!"

"Niliogopa utaniacha."

"Nami nilijua umenichoka."

"Nimechoka na kila kitu, fundi. Ila wewe sijawahi kukuchoka."

Chini, mtu alikuwa akibonyeza kitufe cha lifti na kuilaani.

"Inasaidia?" mwanamke aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kidogo kidogo. Nimeanza kulala vizuri. Daktari atanipima damu tena."

"Na yale mengine?"

"Yanarudi. Juzi nimekuota."

"Nimevaa nini?"

"Lile gauni la kijani. Mwanzoni."

Akampiga kwa shati mara ya tatu, safari hii taratibu. Kisha akajaza pini mdomoni, akashika futi kamba, akamwashiria asimame. Mwanamume alirudi nyuma.

"Nimepaka asubuhi."

Mwanamke aliligusa ovaroli kwa kidole, kumwonyesha kwamba nguo ipo katikati, akaanza kumpima mabega. Akachora kwa chaki kwenye kitambaa shati la kulalia, mikono mirefu, bitana nene juu ya mabega, mahali pa kumlalia. Mwanamume alielewa, macho yakamjaa machozi, na hakuyaficha.

"Daktari alisema na jambo jingine. Dawa hii inapunguza mbegu. Siku tukitaka mtoto nimwambie mapema, atafute njia nyingine."

Chaki ilisimama. Mwanamke alitoa pini mdomoni.

"Tukitaka? Wewe na nani?"

"Mimi na wewe. Nilikuwa nangoja nguvu zirudi nije kwenu kama mtu. Sasa hivi hata goti siwezi kulipiga, nikipiga hutaweza kuniinua."

"Basi kaa. Niulize ukiwa umekaa."

Akaketi, akamuuliza. Mwanamke akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyekesha akigombana na nesi asiyekuwepo. Kisha akamzungushia futi kamba shingoni, akasoma kipimo. Kwenye kitambaa alichora kola kubwa kuliko kipimo hicho, ile ya zamani, ya wakati ilipokuwa ikimbana.