Nilimwambia Mume Wangu Avae Kanga

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa binti mmoja, mzaliwa wa Kirongwe, huku kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Haya nimeyaanza kuandika mara nyingi nikayaacha. Kila nikifika kwenye lile neno nililomwambia mume wangu, mkono unagoma... Leo nitafika mwisho. Mkinihukumu, wasomaji wenzangu, mtakuwa hamjanionea.

Mume wangu nitamwita Omari. Kazi yake ni ukwezi wa minazi. Ni mtu mpole, maneno yake machache. Ukimgombeza hunyamaza, akachukua kamba yake akaenda shambani. Upole ule mimi niliuona ni udhaifu. Nilikuwa nikiwaambia mashoga zangu kwamba nimeolewa na jiwe, na wao wakicheka.

Mwaka ule wizi ulituchosha kijijini kwetu. Leo sola ya fulani, kesho kuku, kesho kutwa gunia la korosho. Mwizi alikuwa akichagua Ijumaa, wanaume wako msikitini. Polisi wako Kilindoni, na wakati wa masika ile njia mnaijua... mpaka wafike, mtu ameshakula na kulala. Kwa hiyo nisiseme uongo, hasira zetu zilikuwa na sababu. Mimi nilikuwa nakusanya vitu vya harusi ya binti yangu Zuhura, doti za kanga, mashuka, na bangili mbili za dhahabu alizoacha marehemu mama yangu. Nilikuwa silali vizuri kwa ajili ya sanduku lile.

Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. Akasema, "Mkimkamata, mfungeni kamba, nipigieni simu, mimi nitawaita polisi. Asiguswe."

Mimi nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, huyu mmoja tukimvunja miguu, wa pili hatakuja. Ukimpeleka polisi, wiki ijayo tunapishana naye sokoni."

Nilipigiwa makofi. Omari alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akainuka taratibu, akauliza, "Na akifa? Nani atafungwa, mkutano mzima?" Watu wakamcheka. Siku ile tulirudi nyumbani bila kusemeshana, maana niliona ameniaibisha mbele za watu.

Kumbe aibu yenyewe nilikuwa bado sijaijua.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kutoa mkono wa pole nyumba ya pili. Nikarudi mapema. Nafika uani, mlango wa nyuma uko wazi, na mtu anatoka na gunia begani. Tukatazamana. Alikuwa Seifu.

Seifu ni mtu wa kisiwa cha Bwejuu, mwanamume wa makamo ya miaka thelathini hivi, aliyekuja kwetu kutafuta kibarua. Omari akiangua nazi, yeye ndiye aliyekuwa akizifua. Amekula kwenye mkeka wangu mara ngapi? Amenywa maji ya mtungi wangu mara ngapi? Akasema, "Mama, nisamehe." Kisha akakimbia, na gunia lake.

Nikapiga yowe la mwizi. Sauti sijui niliitoa wapi.

Swala ilikuwa imekwisha, watu wanatoka msikitini. Wakaja mbio, na Omari kati yao, amevaa kanzu yake nyeupe. Akamwona Seifu anavyoteremka kuelekea kwenye mikoko. Akainua mkono kuwazuia watu.

"Ni Seifu yule," akasema. "Tumeshamjua, na kwao tunakujua. Hiki ni kisiwa, atakwenda wapi? Mwacheni, tupige simu."

Na watu wakaanza kutulia, wallahi. Mmoja alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Pale ndipo jambo lilipokuwa linaishia, kama si ulimi wangu.

Nikamwambia, watu wote wanasikia, "Kama unaogopa, vua hiyo kanzu unipe mimi, na wewe ujifunge kanga yangu."

Watu wakaangua kicheko. Omari alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akaenda kwenye kizingiti cha jirani, akachukua mchi, akakimbia mbele ya wote.

Maji ya bahari yalikuwa yametoka, kwenye mikoko yamebaki matope. Seifu alizama mpaka magotini, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Gunia ameliangusha. Baadaye wapo waliosema alikuwa na kisu. Mimi nilikuwepo. Mikono yake ilikuwa juu, na haikushika kitu.

Yaani alikuwa ameshakamatika! Tulichobakiwa nacho ni kumfunga tu. Omari alisimama mbele yake na mchi mkononi, akageuka akanitazama mimi. Nilijua ananiuliza nini. Sikutikisa kichwa, sikusema basi. Nilimkazia macho.

Akampiga mara moja, kichwani. Wengine wakamalizia, kwa mateke na kwa magongo.

Na mimi nilifanya nini? Nilipiga vigelegele... Nimewaambia watu wengi mkasa huu, lakini hilo la vigelegele sijapata kumwambia mtu.

Mwenyekiti alipofika na wazee wawili, wakawatawanya watu. Gunia likafunguliwa. Kanga zilikuwemo, mashuka yalikuwemo, na bangili za mama. Seifu alikuwa mwizi kweli. Sikuja kuwaambia kwamba tulimpiga asiye na kosa. Tulimpiga mwenye kosa, na bado nashindwa kujitazama kwenye kioo.

Hakufa. Lakini upande wake wa kulia ulikufa, na ulimi haukutamka tena.

Polisi walipokuja, kijiji kizima kilikuwa msikitini. Wale waliopiga makofi mkutanoni, wale waliopiga mateke matopeni, kila aliyeulizwa alisema alikuwa bado anaswali. Mchi ulijulikana ulikuwa mkononi mwa nani, na Omari hakukana. Alinyoosha mikono mwenyewe akafungwa pingu.

Askari mmoja mwanamke akanigeukia. "Mama, nani aliwachochea?"

Omari alikuwa amesimama karibu, anasikia. Nikasema, "Sijui, afande. Mimi nilikuwa ndani."

Omari akainamisha kichwa. Hakunitaja siku ile, hakunitaja hata mahakamani. Hakimu alimwambia raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu na kumpeleka panapohusika, lakini mtu akishakamatwa, fimbo inayofuata ni jinai kama jinai nyingine. Omari akaitikia, "Ni kweli, mheshimiwa." Akahukumiwa kifungo, akapelekwa bara. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimejitanda ile ile kanga niliyotaka aivae.

Haikuchukua muda, upande wa mchumba wa Zuhura ukatuma mshenga. Maneno yalikuwa matamu, maana yake moja tu, hawataki kuoa kwetu. Zuhura alikunja vitu vyake kimoja kimoja akavirudisha sandukuni. Hakunilaumu. Lakini tangu siku hiyo ananisalimia kama anavyomsalimia jirani.

Nikasikia mama yake Seifu amekuja kutoka Bwejuu, anamuuguza mwanawe hospitali. Nikapika uji, nikaenda. Nilimkuta bibi mwembamba, anampangusa mate mwanamume mzima kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni nani vile?"

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia na yowe, na kanzu, na maneno yangu. Seifu alikuwa ananitazama, jicho moja limelegea, sijui kama alinijua.

Kisha yule mama akasema, "Najua mwanangu mwizi. Mimi ndiye niliyemzaa, nitaachaje kujua? Mngemfunga kamba mkaniita, ningekuja mwenyewe kuwaomba radhi, na jela angekwenda akarudi. Sasa hata kuniita mama hawezi."

Nikamnyooshea bakuli. Akaupokea uji wangu, akauonja kama ni moto, akaanza kumlisha.

Nilipopata nauli nilivuka kwenda bara kumwona Omari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha. Alipoletwa, amekonda, akaniwahi yeye. "Seifu anaweza kukaa sasa?" Nikamwambia akiegemezwa anakaa. Akasema, "Alhamdulillahi." Muda ukaisha. Yale maneno niliyopanga nikarudi nayo.

Ndugu zangu, siwaambii muwaache wezi wabebe mali zenu. Pigeni yowe, tokeni, mzingireni, mfungeni. Hilo ni haki yenu, na mtu aliyeibiwa ana uchungu wake, naujua. Lakini akishaweka mikono juu, kinachoendelea hapo si ulinzi tena. Ni watu wanamalizia hasira zao juu ya mtu mmoja, na zikiisha, kila mmoja atarudi kwake aseme hakuwepo. Atakayebaki ni yule mliyemsukuma mbele. Na ninyi wanawake wenzangu, mume anayesema tusubiri msimtie maneno. Mimi nilikuwa na mwanamume jasiri kuliko kijiji kizima, nikamwita mwoga.

Juzi nilisikia tena yowe la mwizi, mchana, upande wa sokoni. Mngedhani nilikimbia kwenda kuwazuia watu. Sikwenda. Miguu iliniisha nguvu, nikajifungia ndani, nikaziba masikio kwa mikono yote miwili mpaka kukawa kimya. Hata leo sijathubutu kuuliza yule mtu alifanywa nini. Basi nawaomba ninyi mnaonisoma, wenye miguu iliyo imara kuliko yangu... mkisikia yowe hilo, tokeni, na awepo hata mmoja wa kusema, "Mshikeni, msimpige."