Mlango wa Mama Émerence

Maiti ilikuwa imejikunja kwenye mkeka, mikono katikati ya magoti. Hakukuwa na damu, jeraha, wala dalili ya ugomvi. Inspekta Kitwa alisimama kizingitini akatazama fremu tupu. Mlango haukuwapo. Hata bawaba zilikuwa zimeng'olewa.

Hakuuliza ulikokwenda. Hapa Kamina, mpangaji asipolipa, mwenye nyumba hung'oa mlango na kuiachia baridi ya Juni imalize kesi. Sheria inakataza, naam. Lakini sheria haijawahi kuishi kwa kodi ya chumba kimoja.

Marehemu aliitwa Noé Mwanza, mwalimu wa shule ndogo ya binafsi iliyofungwa mwaka uliopita. Mkewe alishachukua watoto akarudi kwao Kabongo. Aliyemkuta amekufa ni jirani, Débora, muuza maandazi.

"Ulipofika asubui, ulikuta nini?"

"Bâche, papa inspecteur. Ilifunika mulango yote." Alionyesha turubai kando ya ukuta.

"Ilishikwa na nini?"

"Matofali. Yote ya ku inje."

"Inje? Uko hakika?"

"Njo miye niliyatosha na mikono yangu, njo nikaingia!"

Mtu hawezi kujipangia matofali nje naye yumo ndani. Moyo wa inspekta ukawa mzito. Asubuhi hiyo alikuwa amejiombea kifo cha kawaida, arudi zake nyumbani.

Daktari Nahum alichunguza midomo na kucha za maiti. "Nyekundu kupita kiasi," alisema. "Hii ni sumu ya makaa. Chumba kilizibwa, hewa ikakosa pa kutokea."

Pembeni palikuwa na mbabula, jiko la makaa, limejaa majivu.

"Ile mbabula njo yake?" Kitwa alimuuliza Débora.

"Apana! Mwalimu alishauzishaka bintu yote, mupaka sufuria. Miye njo nilikuwa namupatia chakula."

"Nani alikuwa na maneno naye?"

Débora aliangalia upande wa pili wa ua, akainamisha kichwa.

Upande ule aliishi mwenye nyumba, Mama Émerence, mjane wa dereva wa treni. Alikuwa akisonga ugali juu ya mafiga, moshi wa kuni ukimtoa machozi. Wajukuu wake wawili yatima walichuchumaa kando. Kodi ya chumba kile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Kiroba cha makaa kiliegemea ukuta.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa."

"Uko na makala, na unapikia kuni. Mbabula yako iko wapi?"

Mwiko ulisimama.

"Njo weye ulimufungia mwalimu?"

"Eeh. Njo miye."

Kitwa alikuwa ameandaa maswali ya kumbana. Akabaki nayo mdomoni.

"Juu ya nini ulitosha mulango?"

"Atoke. Nilimuombaka, nikachoka. Batoto balikuwa banalala na njala."

"Na hakutoka."

"Angeenda wapi, papa?"

"Na bâche?"

"Jana jioni nilimusikia anakohola, anatetemeka mupaka meno inalia. Huruma ikanishika. Nikamupelekea mbabula na moto, nikafunga bâche, nikaweka matofali juu upepo isiingie."

"Haukumurudishia mulango juu ya nini?"

Mama Émerence alitazama sufuria. "Nilishauuzishaka. Njo hii bunga tunakula."

Kitwa alivua kofia. Alishakamata wauaji wa chuki, wa wivu, wa pombe, na wote alijua namna ya kuwachukia. Huyu hakujua amchukie vipi. Kuua bila kukusudia, ndivyo angeandika kituoni, na jela ya wasiokusudia ni ileile ya wengine. Alichukia kazi yake siku ile, akaichukia waziwazi.

"Alikuambia nini, ulipomupelekea moto?"

"Aliamba: aksanti, mama. Kesho nitatoka."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akainuka mwenyewe bila kushikwa.

"Kama ningebakia mubaya tu, papa, leo angekuwa muzima."

Inspekta akavaa kofia yake. Akamwongoza kupita katikati ya majirani waliojaa uani. Watoto wawili walibaki na sufuria yao, na hakuna jirani aliyewaita.