Fremu ya Herufi Ishirini

"Hodi! Nimeitwa na kompyuta yako. Inasema inaumwa."

Karani aliinua uso. Mlangoni mwa masijala alisimama kijana asiyemjua, shati la bluu lililopauka, bisibisi sikioni.

"Mbona mimi sikukuita?"

"Basi nirudi?"

"Ukishafika umefika. Ingia, Fundi."

Ndivyo walivyoanza. Barua pepe za ofisi ile zilipitisha maandishi matupu tu: hakuna rangi, hakuna picha, hakuna herufi nene. Fundi akatengeneza kijiprogramu cha kuyapamba. Unaandika maneno yako, chenyewe kinayazungushia fremu ya vinyota. Kila asubuhi Karani alikuta moja: "Umeamkaje, malkia?" Naye hujibu, moyo ukimdunda, "Acha uchokozi."

Kisha mama yake Karani akapangiwa upasuaji wa moyo.

"Saa mbili asubuhi nitakuwa nawe pale mlangoni pa chumba cha upasuaji," Fundi alimwahidi kwenye simu.

"Si ndiyo saa ya usaili wako wa kazi? Umeungoja mwaka mzima, mpenzi."

"Nimeshasema."

Siku moja kabla, saa kumi jioni, barua ikaingia. Ndani ya fremu mlikuwa na mstari mmoja:

```
***********************
* Sitaki kukuona tena *
***********************
```

Karani aliusoma mara mbili. Amenipamba kabla ya kunitupa, aliwaza. Akaichapisha ile barua, akaikunja, akazima simu.

Asubuhi kitanda cha magurudumu kilimpita kwenye ukumbi wa hospitali. "Mwanangu," mama alinong'ona, "vifungo vya gauni lako vimepishana." Mlango ukafungwa. Taa nyekundu ikawaka juu yake. Karani akabaki kwenye benchi, kila mlio wa kiatu ukimshtua.

Saa mbili kasoro dakika mbili, viatu vikasimama mbele yake. Suti ya kuazima, tai mfukoni, jasho usoni.

"Umezima simu tangu jana! Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu."

"Si hutaki kuniona tena? Umefuata nini hapa?"

"Nani kasema?"

Alimtupia ile karatasi. Fundi akasoma, akajishika kichwa.

"Mungu wangu! Fremu ina nafasi ya herufi ishirini. Maneno yakizidi, inayakata. Niliandika, 'Sitaki kukuona tena ukilia peke yako.'"

Karani alicheka huku machozi yakimtoka. "Fundi gani wewe? Unapima fremu, hupimi maneno!"

"Nilipitia kule kwenye usaili kuwaomba wanisogeze hadi mchana. Wamekataa."

"Basi kimbia, bado utawahi!"

Simu ya Fundi ikaita. Karani aliisikia sauti ya upande wa pili: "Uko wapi? Ni zamu yako."

Fundi alimtazama Karani. "Niko hospitali, kwa mama mkwe. Samahani. Sitakuja."

Akakata.

"Mama mkwe?" Karani alinong'ona.

"Hilo nalo nikitaka kuliandika, fremu haitoshi."

Akaketi, akamshika mkono. Juu ya mlango, taa nyekundu ilikuwa ingali inawaka.