Nani Alikutuma Univushe

Mvua iliyopiga Birere, mtaa wa soko mjini Goma, Jumamosi ile ya Oktoba 2024 haikumpa mtu nafasi ya kuchagua pa kujificha. Wauza viatu walikimbia na maturubai yao, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakaacha mizigo ya viazi barabarani, na Asumini, akiwa amekumbatia boksi la minyororo ya pikipiki, aliingia kwenye mlango wa kwanza aliouona wazi. Kilikuwa chumba cha michezo ya televisheni. Kitenge chake cha kijani na kitambaa chake cheusi cha kichwani vilikuwa vimelowa, na mikono yake ilinukia grisi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuza vipuri katika duka la baba yake, Papa Yakubu.

Televisheni tatu zilionyesha mpira, na vijana walikuwa wakitukanana kwa furaha. Ya nne ilikuwa na utulivu. Mbele yake aliketi mwenye chumba, Guylain, kijana mrefu wa Butembo, katika shati jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko kazi yake ilivyohitaji. Kwenye kioo mtu mdogo alitembea peke yake katika mapango ya dunia isiyo na watu, na kila pango alilokanyaga lilijichora lenyewe kwenye ramani pembeni.

"Anatafuta nini?" Asumini aliuliza.

"Hajajua bado, mama. Ni muchezo wa zamani. Nikiwa mutoto picha zake zilikuwa vidoti tu. Sasa wameusafisha, rangi mpya, sauti mpya." Alimkabidhi manete, kile kishikio chenye vitufe. "Ukienda kushoto utakuta..."

"Bwana, nyamaza. Nitaona mwenyewe."

Alianguka shimoni mara tisa. Mvua ilikatika, na yeye hakuondoka.

Tangu siku ile alikuja kila jioni baada ya kufunga duka. Guylain alimwekea kiti, akaihifadhi safari yake chini ya jina lake, akajifunza kuuma ulimi. Usiku wa kuamkia Krismasi alikuwa ameshajua kwamba anampenda. Asumini alijua kabla yake, ila hakuona sababu ya kumsaidia. Alimpigia simu saa za ajabu.

"Cheri, kuna shida?" Guylain aliuliza mara moja, akiwa na mswaki mdomoni.

"Usiniite cheri. Ule ukuta wenye maji una sauti tofauti na kuta zingine. Nafikiri kuna njia nyuma yake."

Guylain aliijua njia ile tangu akiwa na miaka kumi. "Sijui," alisema.

"Unanidanganya."

"Kidogo tu."

Alimsikia akicheka, akatamani simu isikatike.

Jumapili moja walitembea hadi ziwa la Lac Vert, nje ya mji, na huko Asumini alimweleza kwa nini hakutaka kuonyeshwa njia. Mwezi wa tano mwaka 2021, volkano ilipokwisha kumwaga moto na ardhi ikaendelea kutikisika, mji uliamriwa kuhama. Wanaume wa nyumba yao walisimama uani wakachagua barabara ya Sake. Asumini alisema barabara ile imejaa, afadhali bandarini. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Walilala njiani siku tatu bila maji safi, na mama yake aliugua huko ugonjwa ambao haujamwacha mpaka leo.

"Nina miaka ishirini na minane," alisema, "na sijachagua hata kona moja ya kupinda. Pale kwako ninachagua."

Guylain aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Lazima isemwe hapa kwamba vyumba vya michezo vya Birere vina desturi yao. Mchezaji akikwama, fundi wa mchezo huchukua manete na kumvusha. Kumvusha rafiki ni wema. Kumvusha msichana ni kutangaza mbele ya watu wote kwamba una nia naye. Guylain alikulia ndani ya desturi hiyo, na hakuwahi kuiuliza maswali.

Katikati ya Januari Asumini alikwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, kwenye harusi ya binamu, siku nne. Aliporudi alipitia chumba cha michezo cha Guylain akiwa bado na hina mikononi na gauni la zambarau la sherehe. Ndani palikuwa na soda, pamejaa watu, na walipomwona walipiga makofi. Kwenye televisheni ya nne yule mtu mdogo alisimama nje ya mapango, juu ya kilima, jua likimwangaza. Ramani ilikuwa imejaa hadi pembe ya mwisho.

"Nimekuvusha," Guylain alisema, akitabasamu. "Mapango yote."

Asumini alitazama kioo kwa muda. Aliuliza kama huo ndio mwisho. Akaambiwa ndiyo.

"Nani alikutuma univushe?"

"Asu, ilikuwa zawadi."

"Zawadi unampa mutu kitu hana. Weye umechukua kile nilikuwa nacho." Sauti yake haikupanda, na hilo liliwatia watu hofu zaidi. "Nilikueleza, nikitaja mpaka ugonjwa wa mama yangu. Ulisikia nini siku ile?"

"Naweza kufuta. Tuanze upya."

"Utafuta na macho yangu? Mwisho nimeshauona." Alitoka. Mmoja akasema wanawake wa Majengo, mtaa wa akina Asumini, wana moto, na Guylain akamwambia afunge kinywa.

Alimpigia simu siku nzima, na siku iliyofuata. Hakupokea. Halafu mji wa Sake ukaanguka, na siku chache baadaye waasi wakaingia Goma. Mabomu yalilia, umeme ukakatika, maji yakakatika, simu zikafa. Watu walilala chini ya vitanda vyao. Wengi hawakuamka, na walioamua mambo hayo hawakuwa wamemwuliza mtu yeyote wa mji huu, kama kawaida.

Risasi zilipotulia, Guylain alikuta chumba chake kimevunjwa, televisheni zote zimechukuliwa. Hakuziangalia nafasi zake kwa muda mrefu. Alitembea hadi Majengo.

Uani kwa Papa Yakubu mabegi yalikuwa yamefungwa. Djibril, kaka mkubwa wa Asumini, alikuwa ameamua kwamba wanawake wavuke mpaka kwenda Gisenyi asubuhi hiyo. Asumini aliegemea ukuta, uso umekauka, kanga moja tu mabegani. Mzee Yakubu aliketi mkekani na tasbihi. Djibril alimjua mgeni kwa kusikia habari zake tu, akamshika mkono.

"Ndugu, karibu. Mwambie huyu avuke, amekataa. Labda weye atakusikia."

Guylain alitamani kumwambia. Alitaka avuke, awe mbali na bunduki zote, hata kama asingemwona tena. Maneno yalimjaa mdomoni.

"Sikuja kumwambia," alisema. "Nimekuja kumwuliza."

"Kumwuliza nini, wakati kama huu?"

"Kama anataka kwenda ao kubaki. Akienda, nitabeba mabegi mpaka mupakani. Akibaki, nitamsaidia kufungua duka." Alimgeukia Asumini. "Na sina mengine. Kile nilifanya kilikuwa kibaya, na hakifutiki."

Asumini alimtazama kaka yake, kisha baba yake, kisha yeye.

"Mama hawezi safari," alisema. "Mimi nabaki naye. Duka nitafungua kesho, pikipiki za mji huu bado zinakula minyororo. Djibril, peleka muke wako na watoto, hiyo ni haki yako. Mimi usinifungie tena begi."

Djibril alifungua kinywa. Baba yake aliinua kidole kimoja, na Djibril akafunga kinywa.

"Na kuna swali lingine," Asumini aliendelea, bila kumtazama Guylain, "huyu mutu wa Butembo hajaniuliza bado, sababu anaogopa. Ni mukristo, najua. Hana televisheni hata moja, nimesikia. Jibu langu ni ndiyo. Mwenye neno aliseme hapa, mbele yangu, nikisikia."

Mzee Yakubu alizungusha punje za tasbihi, moja, mbili, tatu. Kisha akamwambia Djibril aache mabegi kwanza, amletee mgeni kiti.